Mkono wa Kushoto na Leseni ya Skuta

Barua ya kazi ilinikuta nyumbani, milimani juu ya Mbeya, nimelala kitandani mchana kweupe nikiwachukia watu wote. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Uganda na shahada yangu, na kwa miezi mitatu shahada hiyo haikuwa na kazi nyingine ila kutolewa sandukuni ili wajomba waishike, waigeuze, na kuuliza kwa nini haina picha. Barua ilisema nimekubaliwa kuwa msaidizi wa mkaguzi wa shule za vijijini. Kituo changu Iringa. Serikali itanipa skuta ya kuzungukia. Na chini kabisa, kwa wino uliofifia, palikuwa na mstari mmoja: niwe nimepata leseni ya pikipiki kabla ya mwezi wangu wa pili kazini kwisha. Nikishindwa, nafasi itakwenda kwa mwombaji mwingine ambaye leseni anayo tayari, na mimi nitafikiriwa kwa kazi ya ukarani.

Niliusoma mstari ule mara tatu. Miaka yote ile ya shule, hesabu, historia, insha za Kiingereza, sasa ilining'inia kwenye swali moja: je, naweza kukaa juu ya chombo chenye magurudumu ya ukubwa wa sinia bila kuanguka? Niliuliza kwa nini mkaguzi wa shule asiende kwa baiskeli kama walimu anaowakagua. Niliyemwuliza alikuwa mama, naye aliendelea kupepeta maharage.

Mjini Mbeya, karibu na soko, palikuwa na fundi mmoja Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani na misafara, akaoa huku, akabaki. Alitengeneza baiskeli, cherehani, taa za karabai, chochote chenye skrubu. Nyuma ya kibanda chake alikuwa na skuta ya kijani iliyopauka. Kabla sijaripoti Iringa nilikuwa na wiki tatu, nikaenda kumwomba anifundishe.

"Msomi wa chuo kikuu anakuja kwangu kusoma?" alisema. Alikuwa akitafuna tambuu, na kila alipocheka mate mekundu yalijikusanya pembeni mwa mdomo. "Karibu. Darasa langu halina dawati."

Somo la kwanza lilikuwa kunyonya petroli. Skuta zile huchanganyiwa oili kwenye petroli, na petroli yake ilikuwa ndani ya pipa, na pampu yake ilikuwa mdomo wa mtu. Alinipa kipande cha mpira uliokuwa umeng'atwang'atwa na vinywa vya watu wengine, akaniambia nivute. Nilivuta. Petroli ilinijaa mpaka puani.

"Tema, msomi, tema! Au huko walikufundisha kumeza kila unachopewa?"

Kwa siku tatu kila nilichokula kilikuwa na ladha ya petroli. Chai, ndizi, hata maji ya kisimani. Na ule mpira wenyewe, uliolegea na kuteleza kama utumbo wa kuku, niliuhisi midomoni kwa muda mrefu kuliko petroli. Sijui kwa nini nauandika. Labda kwa sababu kila ninaposikia mtu akisifia maendeleo, ule mpira ndio unaonijia mdomoni.

Asubuhi tulisukuma skuta hadi uwanja wa mpira, akapanga madebe tupu mawili, nami nikatakiwa kuyazunguka kwa namba nane. Mkono wa kushoto ndio wenye kazi nyingi: unashika klachi, unazungusha gia, na unalishikilia gurudumu la mbele lisipepesuke. Wa kulia unatia mafuta na kushika breki, na ukitaka kugeuka unautoa nje kuonyesha ishara. Maana yake, kwenye kila kona mkono wa kushoto unabaki peke yake.

Nilianguka. Nilianguka upande wa kulia, upande wa kushoto, na mara moja kwenda mbele, jambo ambalo fundi alisema hajapata kuliona kwa mtu mzima. Nilimweleza kwamba kwa kanuni za fizikia gurudumu dogo halina nguvu ya kujisimamisha, na kwamba kosa liko kwenye chombo.

"Kosa liko kwenye macho," alisema. "Unalitazama debe. Ukilitazama debe, utakwenda kwenye debe. Unachokiogopa usikitazame. Tupa macho kule unakotaka kufika, mwili utafuata."

Nilimwuliza sababu. Alisema hajui sababu, anajua tu kwamba ni hivyo. Nilichukia jibu hilo, kisha nikalijaribu, na skuta ikazunguka debe kana kwamba imevutwa na kamba. Nikachukia zaidi.

Siku moja, nikiwa juu ya skuta inayokwenda polepole, fundi alikuwa amechuchumaa njiani akikaza nati kwenye mshikio wa debe uliolegea. Aliniomba spana niliyokuwa nimeichomeka mkandani. Niliitoa, nikamnyooshea nikipita, na mara nikajikuta kifuani kwake, skuta imetulalia miguu sote wawili.

"Mkono wako wa kushoto ulikwenda wapi?" aliniuliza akiwa bado chali.

"Kokoto," nikamjibu. "Gurudumu limepita juu ya kokoto."

Alinitazama, akatazama ardhi ambayo haikuwa na kokoto hata moja, akacheka mpaka tambuu ikamtoka.

Laiti ningejiuliza pale pale. Mimi ambaye kazi yangu chuoni ilikuwa kuuliza! Niliwahi kusimama katika mjadala mbele ya wanafunzi wenzangu nikadai kwamba salamu zetu za Nyanda za Juu zinakula nusu ya siku ya mkulima. Kwetu humpi mkubwa kitu kwa mkono mmoja. Ukinyoosha wa kulia, wa kushoto hushika kiwiko, na magoti hukunjwa kidogo. Nilidai kwamba desturi ile ilizaliwa enzi za vita, ili mtu asifiche kisu kwenye mkono wa pili, na kwamba mtu huru wa kizazi chetu hana haja ya kuthibitisha kila siku kwamba hana kisu. Nilipigiwa makofi sana.

Iringa nilipanga chumba Kihesa, kwa mama mmoja mjane Mhehe aliyepika vizuri na kusema sana. Mwezi wa kwanza ulipokwisha ofisi ilinikabidhi skuta mpya ya kijivu yenye kibao cha herufi nyekundu ya mwanafunzi mbele na nyuma. Mtihani ulifanywa Alhamisi, kila baada ya wiki mbili, kwenye uwanja wa gwaride wa polisi. Kabla ya mwezi wangu wa pili kwisha zilibaki Alhamisi mbili za mtihani. Sikuwa na wasiwasi. Madebe nilikuwa nayazunguka hata nikiwa nafikiria mambo mengine.

Aliyetahini alikuwa inspekta Mzungu, mrefu, mwenye shingo nyekundu iliyochubuka kwa jua. Tulikuwa watahiniwa watano na miwani ya vumbi ilikuwa moja. Alitaka kila mtu aivae, zamu kwa zamu. Ilipofika kwangu mpira wake ulikuwa umelowa jasho la wanne walionitangulia, bado la moto, na kioo kimoja kilikuwa na unyasi uliogandia kwenye ute ambao sikutaka kujua umetoka kwa nani. Nikaivaa. Inspekta alikunywa chai yake akiniangalia nikizunguka madebe, akakuta kisahani kina siafu, akawamwaga chini na kuwasaga kwa kiatu, na wala hakuonekana kutofautisha siafu wale na sisi.

"Vizuri," alisema. "Sasa barabara. Wewe nakwenda mpaka njia ya Kalenga. Pale natoa mkono, nageuka kulia, narudi hapa. Mimi nasimama pale, naona yote."

Alitangulia kwa gari, akasimama penye njia panda. Nilishuka mteremko vizuri, gia ya pili, macho mbele. Hapo ndipo nilipomwona mzee akija kutoka njia ya Kalenga. Alikuwa amevaa mgolole mweupe uliofungwa begani, na kofia ya zamani, na mkononi alibeba kapu lililofunikwa kwa majani ya mgomba. Alikuwa upande ule ule niliotakiwa kugeukia. Nilinyoosha mkono wa kulia kuonyesha ishara. Mzee aliuona mkono unakuja kwake, akainua uso.

Na mkono wangu wa kushoto uliachia usukani, ukashika kiwiko.

Sikuutuma. Naapa sikuutuma. Nilikuwa juu ya skuta inayotembea, mikono yote miwili hewani, ya adabu kabisa, magoti yakijaribu kujikunja kwenye kiti, na nadhani hata kichwa kiliinama. Gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji wa magurudumu ya malori, usukani ukajigeuza wenyewe, nami nikala changarawe kwa shavu.

Mzee aliweka kapu lake chini taratibu, akaja akaniinulia skuta kabla hajaniinua mimi. Bomba la moshi lilimbabua kidole, akakitia mdomoni.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimu kwa Kihehe. "Pole. Sasa salamu gani hii ya kujiua?"

"Kamwene, mzee. Ilikuwa ishara. Nilikuwa nageuka."

"Hapana. Mimi si nimeona? Umenisalimu." Alichana kipande cha jani la mgomba kutoka kwenye kapu, akanifuta damu shavuni kana kwamba mimi ni mtoto wa miaka mitano. Jani lilinukia ugali wa moto. "Vijana wa siku hizi wanapita na hizi pikipiki zao kama nzige. Wewe umeniheshimu mpaka umeanguka. Nitamwambia mke wangu hospitali. Kila Alhamisi nampelekea chakula, na kila Alhamisi ananiuliza nimeona nini njiani. Leo nina la kumwambia. Atacheka, na hajacheka siku nyingi."

Inspekta alifika. Hakuniuliza kama nimeumia.

"Mimi nasema mkono moja. Wewe natoa mbili! Iko wazimu?"

Nilitaka kumweleza kwa Kiingereza, Kiingereza bora kuliko Kiswahili chake. Lakini ningeeleza nini? Kwamba mkono wangu ulilelewa na mama yangu? Nilimwangalia mzee, aliyekuwa amesimama pembeni akitabasamu kwa fahari juu yangu, na kinyaa kikanishika. Hakikuwa cha yule Mzungu. Nilikionea kinyaa kile kiwiko changu. Nilikuwa nimesoma yote yale, nimebisha yote yale, na ndani ya mkono wangu mlikuwa mmekaa mtu mwingine ambaye hakusoma hata herufi moja, naye ndiye aliyekuwa anaendesha.

Nikafeli. Ikabaki Alhamisi moja.

Jioni ile nilikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli nikafunga kifundo cha mkono wa kushoto kwenye usukani, nikazunguka vichochoro vya Kihesa nikitoa ishara kwa kuku, kwa mbuzi, kwa nguo zilizoanikwa. Haikusaidia. Mbuzi si mkubwa wa mtu. Mkono ulitulia mbele ya mbuzi, lakini nikikutana na mtu mzima nilihisi mpira unavutwa. Basi nikaamua, kama mtu wa sayansi, kwamba ugonjwa ni mazoea na dawa yake ni mazoea mengine. Kwa wiki mbili sitampa wala sitapokea kitu chochote kwa mkono wa pili. Wa kushoto utakaa mfukoni mpaka ujifunze.

Niliyeonja dawa hiyo kwanza alikuwa mama mwenye nyumba. Aliniletea ugali na mlenda, nami nikanyoosha mkono mmoja nikachukua sahani. Hakuiachia.

"Mkono mwingine umeukata?"

"Hapana, mama. Upo."

"Uko wapi?"

"Mfukoni."

"Umeshika nini huko mfukoni?"

"Sijashika kitu, mama. Ni mazoezi. Nina mtihani wa skuta."

"Mtihani wa skuta!" Aligeukia ukuta, kama vile kulikuwa na watu waliokaa pale kusikiliza. "Mnamsikia? Mtihani gani huo wa kupokea chakula kama unamnyang'anya mtu? Huyo Mzungu wenu amesema mkila pia mle hivi hivi?"

"Ni kwa wiki mbili tu, mama."

"Na mimi kwa wiki mbili nitakuwekea sahani chini kama paka. Ukifaulu mtihani nitakupa tena mkononi."

Na kweli aliweka sahani sakafuni, mlangoni pangu, kila jioni. Mara nyingine niliikuta ina vumbi, na mara moja nilimkuta jogoo wake amepanda ukingoni, miguu yake yenye mavi ikikanyaga mlenda. Niliondoa sehemu aliyokanyaga, nikala iliyobaki. Sikutaka aone nimeshindwa.

Ofisini nilimpa mkaguzi mkuu faili kwa mkono mmoja, na yeye, Mzungu, hakuona tofauti yoyote. Karani mkuu, mtu wa Ubena mwenye mvi, aliiona, akaanza kuniita "Bwana Mkubwa Mdogo." Kanisani Jumapili nilimpa mkono mmoja mzee wa kanisa, naye akautazama ule mkono kwa muda, akaushika kwa ncha za vidole kama mtu anayetoa panya kwenye ndoo. Kila usiku nilipolala niliuhisi mkono wangu wa kushoto umekaa kimya pembeni yangu. Ulikuwa umeanza kutii. Ningepaswa kufurahi, lakini nilijisikia kama mtu aliyemfundisha mbwa wake kutomtambua mwenyewe.

Siku tatu kabla ya Alhamisi mvua ilinyesha bila kupumzika. Barabara ya changarawe ikawa uji mwekundu, na kwa kuwa ng'ombe wa mnadani walipita pale pale, uji ule ulikuwa na mengine ndani yake. Harufu yake iliingia mpaka ofisini.

Tulikuwa watahiniwa watatu. Miwani ile ile. Safari hii niliivaa kwanza, lakini jasho la wiki mbili lilikuwa limekauka likawa kigaga kwenye mpira, na kilipopata joto la uso wangu kikaanza kulainika tena.

"Wewe tena," inspekta alisema. "Leo mkono ngapi?"

"Mmoja, bwana."

"Tutaona."

Madebe niliyapita. Akatangulia kwa gari kama mara ile, akasimama njia panda mahali pale pale, mwavuli mkononi ingawa mvua ilikuwa imekatika. Nilishuka mteremko. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Alhamisi ilikuwa ni siku ya mtu mwingine pia.

Alikuwa anakuja kutoka njia ya Kalenga, mgolole mweupe umefuliwa, kapu limefunikwa kwa majani. Kati yake na mimi palikuwa na dimbwi pana, limejaa ule uji. Alinitambua kabla sijamtambua. Nilimwona anahamisha kapu, analining'iniza mkononi karibu na kiwiko, ili apate nafasi. Kisha akavua kofia, akaipachika kwapani, akanyoosha mkono wa kulia kunisalimu kwa mbali, na mkono wake wa kushoto ukashika kiwiko cha kulia. Mzee yule, kwa kijana. Alikuwa ananilipa salamu yangu.

Unachokiogopa usikitazame.

Niliyatupa macho kule nilikotaka kufika. Nilimwondoa machoni kama unavyoondoa debe. Nilitoa mkono wa kulia, ukanyooka kama kibao cha barabarani, na wa kushoto ukabaki kwenye usukani, mtulivu, baridi, haukutikisika hata kidogo. Ningeweza kupunguza mwendo. Nafasi ilikuwepo. Lakini kupunguza kungehitaji kushusha mkono wa ishara, na inspekta alikuwa anaona yote. Nikapita katikati ya dimbwi kwa gia ya pili, mwili umelala vizuri upande wa kona, namba nane nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora maishani.

Nilisikia tu. Sauti ya maji mengi mazito yanayopiga kitambaa. Kisha sauti ya mzee, haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyeshtuka usingizini: "Kamwene…"

Sikugeuka. Kugeuka nyuma ni kosa. Lipo kwenye kijitabu cha sheria.

Uwanjani inspekta alifika akiwa anacheka. "Vizuri sana! Leo wewe najua. Mara ile wewe naogopa mzee, leo hapana ogopa." Akaingia ofisini, akagonga muhuri, akatoka na kijitabu chekundu cha leseni, jina langu limeandikwa ndani. Akaninyooshea kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na kikombe cha chai.

Nilinyoosha wa kulia kupokea. Na mkono wangu wa kushoto, ule niliouadibisha wiki mbili, uliokataa sahani ya mama wa watu, uliobaki baridi kwenye usukani mbele ya mzee yule, uliinuka wenyewe ukashika kiwiko. Magoti yakakunjika.

"Asante, bwana," nilisema.

Hakuuona. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Lakini mimi nilikiona kile kiwiko na vidole vyangu vitano vimekishika kwa unyenyekevu, na mate yakanijaa kinywani kama siku ile ya petroli. Nilikwenda nyuma ya bweni la askari nikatapika. Kisha nikasuuza kinywa kwenye bomba, nikapeleka leseni ofisini ikaandikwa kwenye jalada langu, na mwombaji yule mwingine akajulishwa kwamba nafasi imejaa.

Niliporudi Kihesa jioni mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni na sahani.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu, mama."

Akanipa sahani mkononi, kama alivyoahidi. Nilipokea kwa mikono miwili. Aliitazama mikono, akanitazama usoni, akageuka akarudi jikoni.

Alhamisi iliyofuata kazi yangu ya kwanza ya skuta ilikuwa kukagua shule upande wa Kalenga. Niliondoka mapema ili nikutane naye. Nilikuwa nimepanga maneno yote: kwamba ulikuwa mtihani, kwamba kazi yangu ilikuwa hatarini, kwamba ningempakia nyuma ya skuta mpaka hospitali, nimwombe radhi mkewe kwa chakula kilichoingia tope. Barabara ilikuwa imekauka. Nilimwona kwa mbali, kapu mkononi. Mgolole ulikuwa umefuliwa, lakini ule wekundu haukutoka wote. Ulibaki kama ramani kuanzia kifuani mpaka magotini.

Alisikia injini. Hakuinua uso. Alitoka barabarani, hatua tano au sita ndani ya majani marefu, mahali ambapo watu husimama likipita gari la bwana shauri wa wilaya, akaweka kapu chini, akavua kofia, akasubiri.

Nilisimamisha skuta mbele yake, nikazima injini, nikashuka. Nilinyoosha mkono wa kulia, na wa kushoto ukashika kiwiko, safari hii nimeutuma mwenyewe.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, bwana," alijibu, macho chini. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kofia.

"Mama anaendeleaje hospitali?"

"Yupo, bwana."

Nikasubiri kama ataniita mwanangu. Nzi walikuwa wanazunguka kapu, naye hakuwafukuza, kwa sababu mikono ilikuwa na kofia. Nikaona kwamba hatatoka kwenye yale majani mpaka niondoke, na kwamba chakula cha mkewe kinapoa. Basi nikapiga kiki, nikaondoka.